Jeni mbili "ziko karibu" kwenye mtandao: tunapima nini hasa?

#1 JeniMoja
Wakuu, habari. Nimeanza na HBB, jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, nikataka kujua majirani zake wa karibu. Nimetumia vipimo vitatu na nimepata orodha tatu ambazo hazielewani.

Kipimo cha kwanza ni mtandao wa protini zinazoshikana: kila protini ni nukta, na mbili zikishikana zinaunganishwa kwa kiungo. HBA1 na HBA2 ziko mlangoni kabisa, na hilo nalikubali, maana himoglobini ya mtu mzima ni minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Haptoglobini nayo ipo, ile inayodaka himoglobini iliyomwagika nje ya seli.

Cha pili ni viwango vya RNA (nakala zinazotolewa jeni inapowaka) vinavyopanda na kushuka pamoja wakati seli nyekundu zinakomaa. Hapo ALAS2 iko juu. Lakini ALAS2 inafanya kazi ndani ya mitokondria, inaanzisha utengenezaji wa hemu. Haigusani na HBB. Na haptoglobini imetoweka, kwa sababu inatengenezwa kwenye ini.

Cha tatu ni alama ya jumla ya STRING, hifadhidata ya mahusiano ya protini, na huko BCL11A nayo inaingia.

Msimamo wangu: njia fupi zaidi kwenye mtandao wa kushikana ndiyo kipimo cha haki. Unahesabu hatua, basi, hakuna maoni ya mtu. Hivyo vingine naviona ni tetesi. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Grafu
Nakupinga mapema. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotoa protini. Jozi zake zinakaribia milioni 200. Kwenye ramani nyingi za protini za binadamu, njia fupi kwa wastani ni hatua tatu hadi nne. Sasa wewe unachukua jozi milioni 200 unazigawa kwenye mafungu matano au sita, halafu unasema umepima. Mamilioni ya jozi zinapata "3" na huna namna ya kuzitofautisha.

Watts na Strogatz walionyesha mwaka 1998 kwamba viungo vichache tu vya mkato vinatosha kuufupisha mtandao mzima. Kwenye seli mikato hiyo mara nyingi ni vitovu, yaani protini zenye viungo vingi mno. Chukua yubikwitini, ambayo hubandikwa kwenye protini chungu nzima, nyingine zikavunjwe. Ukiiacha UBC, mojawapo ya jeni zake, kwenye mtandao wako, karibu kila protini inakuwa hatua mbili kutoka kwa nyingine. Tarishi anafika kila nyumba mtaani, hilo haliwafanyi wenye nyumba kuwa ndugu.

#3 Dada Protini
Mzee amenena kuhusu vitovu. Ila mimi nataka kulishika neno "alama", maana naona kila siku watu wanaandika "protini hizi zina uhusiano mkali, alama 0.95".

Alama ya STRING haisemi zinashikana kwa nguvu kiasi gani. Inasema ushahidi unatosha kiasi gani kuamini kwamba uhusiano upo, na uhusiano wenyewe unaweza kuwa wa kikazi tu, bila kugusana. Wanaipima kwa kulinganisha na njia za KEGG, hifadhidata ya hatua za kazi ndani ya seli: jozi zenye alama hii, ni ngapi kati yake ziko kwenye njia moja? Ndiyo maana ALAS2 na HBB zinaweza kupata alama nzuri bila kukutana.

Nguvu ya kushikana ni kitu kingine, inapimwa maabara, kwa kiasi cha protini kinachohitajika ili nusu ya nafasi zishikwe. Avidini na biotini ziko karibu na 10⁻¹⁵ molari, zikishikana zimeshikana. Protini nyingi za kupeleka ishara ziko kwenye maikromolari, zinagusana na kuachana ndani ya muda mfupi sana, na kazi yao inategemea huko kuachana. Jozi ya maikromolari inaweza kuwa na 0.99 kwa sababu imechunguzwa miaka mingi. Jozi inayong'ang'aniana inaweza kuwa na 0.3 kwa sababu hakuna aliyeigusa.

#4 HesabuTu
Niongezee alama inavyojumlishwa, maana inaeleza mengi. STRING ina safu saba za ushahidi: ujirani wa jeni kwenye jenomu, jeni zilizoungana kuwa moja kwenye viumbe vingine, jeni zinazoonekana na kukosekana pamoja, RNA zinazokwenda pamoja, majaribio, hifadhidata zilizoandaliwa na wataalamu, na maandishi ya makala. Kila safu inatoa uwezekano wake. Kisha wanauliza: uwezekano wa safu zote kukosea kwa pamoja ni upi?

Safu moja ikisema 0.6 na nyingine 0.5, kukosea kwa pamoja ni 0.4 × 0.5 = 0.2, kwa hiyo alama ni 0.8.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba safu haziambiani. Lakini jaribio moja likichapishwa linaingia safu ya majaribio, makala yake inasomwa na safu ya maandishi, na mtaalamu akiisoma analiweka kwenye hifadhidata. Shahidi mmoja amehesabiwa mara tatu.

#5 Fundi Data
@HesabuTu ni 0.79, siyo 0.8. Umeruka hatua. Kila safu imebeba ndani yake uwezekano wa msingi wa 0.041, yaani nafasi ya jozi yoyote kuhusiana bila ushahidi wowote. Unautoa kwanza: (0.6 − 0.041) ÷ 0.959 ni 0.583, na ile ya 0.5 inakuwa 0.479. Unajumlisha, unapata 0.782, ndipo unaurudisha msingi mara moja tu: 0.791.

Kwa alama kubwa tofauti ni ndogo. Kwa safu nyingi zenye alama ndogondogo inauma: ukisahau kuutoa, kila safu inajiongezea kidogo na jozi isiyo na kitu, kwa safu zote saba, inafika karibu 0.25.

#6 HesabuTu
Sahihi kabisa @Fundi Data, shukrani. Hoja ya mashahidi wasioambiana inabaki palepale.

#7 Fundi Data
Inabaki, ndiyo. Ndiyo maana mimi sipakui alama ya jumla peke yake, napakua safu zote nazijumlisha mwenyewe.

#8 JeniMoja
Nimewasoma. Basi tuchukue BCL11A. Haimo kwenye majirani wa HBB kwenye mtandao wa kushikana. Nikiamini kipimo changu niitupe?

#9 Nusu Kromosomu
Usiitupe hata kidogo! Hiyo ndiyo jeni iliyobadilisha tiba ya selimundu.

BCL11A iko kromosomu ya 2, HBB kromosomu ya 11. Protini ya BCL11A inakwenda kushika DNA karibu na jeni za gama, HBG1 na HBG2, zile za himoglobini ya mtoto tumboni, na kuzizima. Ukiidhoofisha BCL11A kwenye seli zinazotengeneza damu, gama inarudi, na himoglobini hiyo inaizuia ile yenye selimundu isigandamane. Casgevy, tiba ya kwanza ya CRISPR (mbinu ya kukata DNA mahali unapotaka) kuidhinishwa, Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inafanya hivyo: inakata kipande kinachoiwasha BCL11A kwenye seli za damu nyekundu.

Sasa angalia mtandao wako. Protini ikishika DNA, hicho si kiungo cha protini kwa protini. Hakimo. Kipimo chako kimehesabu vizuri, ila kimehesabu kwenye ramani ambayo barabara hiyo haikuchorwa.

Halafu kuna wakati. Kabla mtoto hajazaliwa gama iko juu, baadaye beta inachukua nafasi. Ukipima RNA katika kipindi hicho cha kubadilishana, HBB na HBG zinakwenda kinyume. Kipimo cha uwiano, yaani cha kupanda na kushuka pamoja, kitakupa namba hasi. Je, hapo ziko mbali au ziko karibu? Mimi nasema karibu sana.

#10 Msomaji Kimya
Mmejadili ramani, turudi kwenye kipimo. Hakuna aliyetaja matembezi ya kubahatisha.

Weka mtembezi HBB. Kila hatua anachagua jirani mmoja kwa kubahatisha, kiungo chenye uzito mkubwa kikiwa na nafasi kubwa zaidi. Na kila hatua kuna uwezekano, tuuite r, wa kurudishwa HBB. Mwache atembee muda mrefu. Sehemu ya muda anayokaa kwenye kila nodi (nukta ya mtandao) ndiyo ukaribu wake na HBB.

Faida yake ni kwamba inasikia njia zote kwa pamoja. Nodi iliyofikiwa kwa njia nyingi za hatua mbili inaipita iliyofikiwa kwa njia moja ya hatua mbili, wakati njia fupi inaziona sawa. Köhler na wenzake mwaka 2008 walijaribu kwa familia 110 za magonjwa, wakificha jeni inayojulikana na kuitafuta upya. Matembezi yalishinda njia fupi, yakashinda pia kuangalia majirani wa moja kwa moja.

#11 HesabuTu
Kwenye hiyo r ndipo watu wanapoanza kuviziana. Kama kila hatua unarudishwa kwa uwezekano r, wastani wa hatua unazopiga kabla ya kurudishwa ni (1 − r) ÷ r. Ukiweka 0.7 ni kama hatua 0.43, yaani mtembezi hatoki nje ya kizingiti, anaona majirani tu. Ukiweka 0.1 ni hatua 9, na kwenye mtandao wa hatua tatu au nne kwa wastani ameshazunguka mji wote. Chagua r nami nitakuonyesha orodha unayoipenda.

#12 Mzee wa Grafu
Na ukiishusha r hadi sifuri kwenye mtandao usio na mwelekeo, muda wa mtembezi kwenye kila nodi unalingana na idadi ya viungo vyake, haijalishi alianzia wapi. Yaani amesahau kabisa kwamba swali lilikuwa HBB. Anakutajia vitovu tu.

#13 Kitanda cha Data
Hapo ndipo pa kuchanganya viungo. Maslov na Sneppen, 2002: chukua viungo viwili, badilishana ncha zake, rudia mara nyingi mno. Kila protini inabaki na idadi ileile ya viungo lakini washirika ni wa kubahatisha. Au, kama unapima umbali wa kundi kwa kundi, chagua makundi mengine kwa kubahatisha yenye idadi zinazofanana za viungo. Pima humo, kisha ulize kipimo chako kimeachana na hapo kiasi gani.

Mfano wa kubuni. Kundi la kwanza lina umbali wa wastani 1.8 kutoka kwa jeni zako, na makundi ya kubahatisha yanayofanana nalo yanatoa wastani 2.1 na mkengeuko sanifu 0.2. Hiyo ni z (umbali kutoka kwenye wastani, ukihesabiwa kwa mikengeuko) ya −1.5. Kundi la pili lina umbali 2.4, lakini makundi yanayofanana nalo yanatoa 3.0, mkengeuko uleule. z ni −3. Kundi la pili liko mbali zaidi kwa hatua na bado ndilo lenye habari. La kwanza limejaa vitovu, lingekuwa karibu na chochote.

#14 Dada Protini
@Kitanda cha Data nakubali kwa nusu. Unapoondoa athari ya idadi ya viungo unachukulia kwamba viungo vingi ni kelele. Lakini TP53, jeni ya protini p53 inayozuia uvimbe, ina viungo vingi kwa sababu kweli inafanya kazi nyingi. Ukiiadhibu kwa hilo, unaadhibu baiolojia.

#15 Kitanda cha Data
Au ina viungo vingi kwa sababu imejulikana tangu 1989 na kila maabara ya saratani inaichunguza?

#16 Nusu Kromosomu
1979, ndugu. 1989 ndiyo ilipogeuka kutambuliwa kama kizuizi cha uvimbe, kabla ya hapo walidhani inausababisha. Miaka kumi unamnyima mzee wa watu!

#17 Kitanda cha Data
Haya, 1979. Umeniongezea nguvu kwenye hoja, maana ni miaka kumi zaidi ya kuchunguzwa.

#18 Binti Hamira
Mmegusa kidonda cha zamani. Jeong na wenzake, mwaka 2001, kwenye hamira: protini zenye viungo 5 au pungufu, asilimia 21 zilikuwa za lazima, seli inakufa ukiziondoa. Zenye zaidi ya 15, asilimia 62. Walisema kitovu kinaushikilia mtandao, ukikitoa mtandao unasambaratika.

Kisha yakaja maelezo mengine. Kuna wanaosema vitovu ni vya lazima kwa sababu vingi vimo ndani ya mashine kubwa za protini, na mashine nzima ndiyo ya lazima, umbo la mtandao halihusiki. Mwaka 2008 Yu na wenzake walitumia ramani ya hamira ya viungo vya moja kwa moja tu, na uhusiano wa vitovu na ulazima haukuonekana. Walichoona ni kwamba vitovu vinagusa sifa nyingi tofauti za seli. Na kuna hoja ya @Kitanda cha Data, kwamba jeni ya lazima inavutia watafiti, ikichunguzwa inapata viungo.

Mimi naegemea hoja ya mashine kubwa. Lakini sijaona data iliyozima nyingine.

#19 Maabara Usiku
Nitoe kisa cha mezani. Tulivuta protini moja kwa kingamwili, tukapeleka kilichokuja nayo kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake. Juu kabisa ya orodha ilikuwa keratini. Keratini ya ngozi! Ya mtu aliyeinama juu ya sampuli. Chini yake tubulini, protini za joto, protini za ribosomu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaanza kuchora mshale.

Hizo zinakuja na kila kitu. Mwaka 2013 ilichapishwa hifadhidata nzima, CRAPome, ya vitu vinavyonaswa kwenye majaribio ya kulinganishia ambayo hayana chambo, yaani protini unayokusudia kuivuta. Tulipoondoa vilivyomo humo, orodha ilisinyaa mno, na tulichokuwa tunakitafuta kikaonekana katikati, hakikuwa hata kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo @Dada Protini, viungo vingine ni kelele kweli, nimeviona vikitoka kwenye mashine.

#20 Dada Protini
Hiyo nakubali bila kusukumwa. Keratini sijaitetea mimi :)

#21 Fundi Data
Na mbinu ya hamira ina upofu wake. Tangu 1991 Fields na Song walipoianzisha...

#22 Binti Hamira
1989. Kwenye hamira msinichezee.

Mbinu yenyewe ni hivi, kwa asiyeijua: unakata protini inayowasha jeni vipande viwili, unabandika kila kipande kwenye protini unayoijaribu. Zikishikana vipande vinakutana na jeni inawaka. Lakini kukutana huko kunatokea ndani ya kiini. Protini ya utando ambayo kiini si kwake haitafanya kazi vizuri humo. Mwaka 2000 Uetz na wenzake, na 2001 Ito na wenzake, waliipima hamira ileile, na viungo walivyokubaliana vilikuwa vichache. Kila mmoja aliona kipande chake.

Ramani kubwa ya binadamu ya 2020 iliyotumia mbinu hiyo ina viungo takriban 53,000. Jozi zinazowezekana ni milioni 200. Kutokuwepo kiungo kwenye ramani si ushahidi kwamba hazishikani.

#23 Mwanafunzi wa Vimelea
Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Nafanya kazi na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Jenomu yake ilisomwa 2002, jeni kama 5,300, zaidi ya nusu kazi yake haikujulikana. Mwaka 2005 ilitoka ramani ya hamira yenye viungo 2,846. Gawanyeni mwone, kwa kila jeni ni nusu kiungo hivi. Nikipima umbali humo nodi nyingi zimekatika kabisa, umbali hauna mwisho.

Napataje ukaribu kwenye mtandao uliojaa mashimo? Kuhamisha viungo kutoka kwa hamira au binadamu naogopa, kimelea hiki kimeachana nao zamani.

#24 Msomaji Kimya
@Mwanafunzi wa Vimelea tumia RNA. Kwa Plasmodium jeni zinawaka kwa zamu ndani ya saa 48 za mzunguko wake kwenye seli nyekundu, hivyo uwiano una mengi ya kusema. Usichukue uwiano mbichi, pima kama wana majirani wa pamoja.

#25 HesabuTu
Naungana na Msomaji, ila kwa tahadhari. Kwa zamu hizo hizo, maelfu ya jeni zitaonekana ndugu kwa sababu tu zimewaka saa moja. Uwiano utakuwa umepima saa.

Na "majirani wa pamoja" kuna namna nyingi za kupima. Tuseme A ina majirani 5, B ina 200, na wote watano wa A wamo kwa B. Jaccard, kipimo alichobuni yule mtaalamu wa mimea ya Alps mwaka 1901, kinagawa walio pamoja kwa jumla ya wote: 5 ÷ 200 = 0.025. Karibu hakuna. Kipimo cha mwingiliano wa topolojia, kinachotumika sana kwenye WGCNA (mbinu ya kujenga mtandao kutokana na RNA zinazokwenda pamoja), kinagawa kwa yule mwenye wachache, na kuongeza moja kama A na B hazijaungana: 5 ÷ 6 = 0.83. Data moja, jozi moja, 0.025 na 0.83. Cha kwanza kinauliza "je, mnafanana?" Cha pili kinauliza "je, huyu mdogo yumo ndani ya yule mkubwa?"

#26 Mzee wa Grafu
Na kuna wanaosema majirani wa pamoja ni dalili mbaya ya kushikana. Kovács na wenzake, 2019. Hoja yao: protini mbili zenye washirika walewale zina nyuso zinazofanana, na kufanana hakuzifanyi zishikane zenyewe kwa zenyewe. A itaishika D kama D inafanana na washirika ambao A tayari inao. Hiyo ni njia ya hatua tatu. Kwenye kutabiri viungo vipya, hatua tatu zilishinda hatua mbili.

Kwa hiyo @JeniMoja, aliye hatua tatu anaweza kuwa mtarajiwa bora kuliko aliye hatua mbili. Weka hilo karibu na njia fupi yako.

#27 Dada Protini
Kwa kushikana, sawa. Kwa kufanya kazi moja, majirani wa pamoja bado wana maana. Ni maswali mawili.

#28 JeniMoja
Naona msimamo wangu umepigwa kila upande, nawashukuru. Lakini kila mmoja amenipa kipimo chake. Mtu akiniuliza kuhusu jeni mbili za kurekebisha DNA, "BRCA1 na PARP1 ziko karibu?" nijibu nini?

#29 Nusu Kromosomu
Mfano mzuri. BRCA1 inashikana na BARD1, na kupitia PALB2 inafika BRCA2. PARP1 inashughulika na mipasuko ya uzi mmoja wa DNA. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba seli zilizopoteza BRCA1 au BRCA2 zinakufa ukiizuia PARP, ilhali seli nzima zinahimili. Olaparib, dawa ya saratani inayoizuia PARP, iliidhinishwa 2014 kwa msingi huo. Huo ni ukaribu mkubwa kuliko wote kwa mgonjwa, na hautegemei kushikana. Unaupata kwa kuondoa jeni mbili kwa pamoja na kuangalia kinachotokea.

#30 Binti Hamira
Kwenye hamira walifanya hivyo kwa jozi karibu zote. Costanzo na wenzake, 2016, aina takriban milioni 23 zenye jeni mbili zilizoguswa, wakapata mahusiano karibu 900,000. Walichukua orodha nzima ya mahusiano ya kila jeni, wakalinganisha orodha kwa orodha. Jeni za mashine moja zikajikusanya zenyewe. Kwangu hicho ndicho kipimo kinachokaribia ukweli, kwa sababu kinauliza seli moja kwa moja.

#31 Kitanda cha Data
Kwa kiumbe kinachokua kwenye sahani na kupimwa kwa ukubwa wa koloni, sawa. Kwa seli ya neva ya binadamu utapima nini?

#32 Binti Hamira
Kuna CRISPR siku hizi kwa seli za maabara. Jozi zote bado, nakubali.

#33 Fundi Data
Kabla hatujaenda mbali, kuna hatari moja ambayo haijatajwa. Tunahukumu vipimo hivi vyote kwa kuangalia kama jeni "za karibu" zina kazi moja kwenye Gene Ontology, orodha sanifu ya kazi za jeni. Maelezo mengi ya Gene Ontology yametokana na makala zilezile zilizotengeneza mtandao, mengine yameandikwa kwa kuangalia mtandao wenyewe. Gillis na Pavlidis, mwaka 2012, walionyesha kwamba habari za kazi ya jeni zimejikusanya kwenye viungo vichache mno, ukivitoa hivyo mtandao uliobaki unakosa cha kusema. Yaani ukaribu kwa jumla yake haukubebwa na mtandao mzima.

@JeniMoja, ukipima, ficha ushahidi uliochapishwa baada ya mwaka fulani, kisha tabiri mbele. Na safu ya maandishi itoe kabisa kwenye jaribio hilo.

#34 Msomaji Kimya
Ukiitoa safu ya maandishi, jeni ambazo hazina majaribio makubwa zinapotea. Kwa magonjwa adimu ndiyo ushahidi pekee uliopo. Sikubali itolewe kwa kila mtu.

#35 Fundi Data
Kwa kutumia, ibaki. Kwa kupima kama kipimo kinafanya kazi, itoke.

#36 Mwanafunzi wa Vimelea
Na hiyo ya z nimeijaribu kwenye ramani yangu ya viungo 2,846. Nodi zenye kiungo kimoja ni nyingi, kwa hiyo makundi ya kulinganishia yanapatikana kwa urahisi. Kwa vitovu, nodi zenye viungo vingi hivyo ni chache, nachagua zilezile kila mara. Mkengeuko unakuwa mdogo na z inaruka juu bila sababu.

#37 Kitanda cha Data
Panua fungu: changanya nodi zenye idadi zinazokaribiana hadi kila fungu liwe na angalau mia moja.

#38 Mwanafunzi wa Vimelea
Nikifanya hivyo fungu la juu linabeba zenye viungo 8 pamoja na zenye 40. Sasa z inaona tofauti ya viungo tena, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunaiondoa.

#39 Mzee wa Grafu
Hapo badili, changanya viungo badala ya kuchagua nodi. Idadi inabaki kamili kwa kila nodi.

#40 Dada Protini
Niwaulize swali ambalo vipimo vyote vya juu vimelipita. p53 inaiwasha jeni ya MDM2, na protini ya MDM2 inaishika p53 na kuipeleka ikavunjwe. Viungo viwili, vyote vina nguvu, vina ishara kinyume (kimoja cha kuongeza, kingine cha kupunguza), na vinafanya kazi kwa kupishana muda. Mtembezi wa @Msomaji Kimya akipita hapo anaona kiungo kizito tu, anakwenda na kurudi. Dawa inayoitenganisha MDM2 na p53 inaipandisha p53, dawa inayoipandisha MDM2 inaishusha. Kwa matembezi, dawa zote mbili ziko karibu sawa na p53. Mnaiweka wapi ishara?

#41 HesabuTu
Unaweza kuwa na watembezi wa aina mbili, wa kujumlisha na wa kutoa, wakibadilishana aina wanapopita kiungo hasi. Mwishoni unachukua tofauti.

#42 Dada Protini
Na kwenye duara kama hili la p53 na MDM2, akizunguka mara moja anarudi na ishara kinyume, akizunguka mara mbili anarudi na ileile. Tofauti inakaribia sifuri. Umesema ziko mbali.

#43 HesabuTu
Kwa r kubwa haizunguki mara nyingi hivyo.

#44 Mzee wa Grafu
Tumerudi kwenye kuchagua r! @JeniMoja kaa karibu, hili halijaisha.